Kutoka Mkutano wa Mtaa Hadi Baraza la Madiwani: Mwongozo kwa Anayeutaka Udiwani Jijini Dodoma

Kila nikikaa na vijana wa Nkuhungu, Ipagala au Chang'ombe, swali ni lile lile: "Kaka, nautaka udiwani. Fomu zinatoka lini?" Uchaguzi wa Oktoba 2025 umepita, na maswali yameongezeka badala ya kupungua. Nimekuwa mjumbe wa kamati ya mtaa, nimewasaidia watia nia kadhaa kujaza fomu, na nimewaona wenye uwezo wakianguka kwa mambo madogo kabisa. Hivyo nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja.

Fomu ni hatua ya sita. Ukianzia hapo, umeshachelewa miaka minne.

Kwa mzunguko wetu wa miaka mitano, uchaguzi wa mitaa uliofanyika Novemba 27, 2024 utarudi 2029, na wa madiwani utarudi 2030. Kwa hiyo leo una muda wa kutosha. Muda huo ndio mtaji wako, hata kama mfukoni huna kitu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwanza, sifa za kisheria. Uwe raia wa Tanzania mwenye umri usiopungua miaka 21. Ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Uwe mkazi ndani ya eneo la halmashauri, uwe na njia halali ya kujipatia kipato, na uwe mwanachama uliyedhaminiwa na chama cha siasa chenye usajili kamili. Nchini kwetu hakuna mgombea binafsi, kwa hiyo suala la chama halikwepeki.

"Lazima niwe na digrii?" Hapana. Sheria inataka kusoma na kuandika tu. Profesa Davis Mwamfupe, msomi wa chuo kikuu, ameliongoza Baraza la Jiji la Dodoma akiwa Meya, na kwenye mabaraza ya nchi hii wamo pia wakulima walioishia darasa la saba. Ila nikuambie ukweli: utaletewa kabrasha la kurasa nyingi lililojaa majedwali ya bajeti. Kama hesabu zinakutisha, anza kujizoeza sasa.

Pili, andaa vitu hivi:

- Kitambulisho cha Taifa na kadi ya mpiga kura, majina yakiwa yameandikwa sawasawa kote. Kama NIDA wamekuandika "Mazengo" na kwenye kadi ya kura umeandikwa "Masengo", shughulikia leo.
- Kadi ya chama, na risiti za ada zilizo hai.
- Daftari kubwa lenye jalada gumu. Nitaeleza kazi yake.
- Kazi au biashara inayokulisha. Diwani hana mshahara, anapata posho. Anayeingia akitegemea udiwani umlipie kodi ya nyumba huishia kuuza sahihi yake.
- Ridhaa ya nyumbani. Mume au mke wako ndiye atakayefungua mlango saa tano usiku mtu akija na shida ya msiba.

Kama wewe ni mtumishi wa umma, soma masharti ya ajira yako na umuulize mwajiri wako kwa maandishi kabla hujatangaza nia. Usitegemee maneno ya kijiweni.

Hatua ya 1: Itembee kata yako

Jiji la Dodoma lina kata 41, na hazifanani hata kidogo. Madukani au Uhuru unaizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Hombolo Bwawani, Chihanga au Mbalawala utahitaji pikipiki na siku nzima. Kata ya katikati ya mji hoja zake ni mitaro, taka, wamachinga na maegesho. Kata ya pembezoni ni maji, mifugo, mashamba ya zabibu na viwanja vilivyopimwa juu ya mashamba ya watu.

Chukua lile daftari. Andika kila mtaa wa kata yako, jina la mwenyekiti wake, shule, zahanati, visima, makanisa, misikiti na vijiwe vya bodaboda. Andika kila boma, yaani jengo la darasa au zahanati ambalo wananchi walilipandisha kwa nguvu zao likabaki bila bati. Andika lilianza mwaka gani na limekwamia wapi. Maboma haya ndiyo yanayotonesha watu mioyo, kwa sababu walibeba mawe wenyewe. Mtia nia anayejua kuwa boma la mtaa fulani limebakiza bati na fremu za milango anasikilizwa kuliko anayeahidi barabara za juu.

Angalizo: usitembee na wapambe, wala usipige picha za kujionyesha. Nenda kama jirani. Ukifika kwa wazee wa Kigogo, "mbukwenyi" iliyosemwa kwa heshima inafungua mazungumzo vizuri, lakini kama hujui lugha usiigize zaidi ya hapo.

Hatua ya 2: Jua kila shida ina mlango wake

Hapa ndipo wengi wanapoaibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Barabara za mtaa zinashughulikiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa 2017. Jiji halizichongi moja kwa moja. Diwani anasukuma vipaumbele na kufuatilia, lakini greda si lake. Maji ya mjini ni DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, na halmashauri za vijijini zinashughulika na RUWASA, wakala wa maji vijijini. Umeme ni TANESCO. Shule za msingi, sekondari, zahanati na vituo vya afya viko chini ya halmashauri, na hapo diwani ana sauti kubwa. Leseni za biashara, masoko, minada, taka na ushuru pia ni mambo ya halmashauri.

Ardhi inahitaji aya yake. Dodoma ilipangwa na CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, tangu 1973 hadi mamlaka hiyo ilipovunjwa Mei 2017, na majukumu yake yakahamia kwenye halmashauri, ambayo Aprili 26, 2018 ilipandishwa hadhi kuwa Jiji. Migogoro yote ya zamani ikahama pamoja na mafaili. Ukiwa diwani, watu wengi watakaogonga mlango wako watakuja na bahasha ya karatasi za kiwanja. Diwani hagawi viwanja. Pia si hakimu. Hata Baraza la Ardhi la Kata, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Kazi yako ni kumwelekeza mtu ofisi sahihi, kumsindikiza ikibidi, na kuipeleka hoja kwenye kamati kama tatizo ni la watu wengi.

Angalizo kubwa: usipokee hata shilingi elfu kumi ya "kufuatilia kiwanja", iwe kabla ya udiwani au baada yake. Nimeona mtia nia mzuri, aliyependwa na kata nzima, akimalizwa na risiti moja ya simu iliyosambazwa kwenye kundi la mtaa siku mbili kabla ya kura za maoni.

Kipo pia kipengele kinachowahusu vijana moja kwa moja: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Jifunze masharti yake mpaka uweze kukielekeza kikundi kuanzia usajili hadi maombi. Huo ni msaada wa kweli, na hauhitaji cheo.

Hatua ya 3: Anzia kwenye vikao vidogo

Hudhuria mkutano wa mtaa. Sheria inautaka ufanyike kila miezi mitatu. Kama kwenu haufanyiki, muulize mwenyekiti na mtendaji wa mtaa kwa upole, tena kwa maandishi. Ukienda, kaa mbele, sikiliza mapato na matumizi yanavyosomwa, andika. Usisimame kuuliza kila kitu. Swali moja lenye tarehe na kiasi linatosha.

Kisha tafuta nafasi ya kutumika: kamati ya shule, kamati ya zahanati, ulinzi shirikishi, jumuiya ya watumiaji maji, chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu. Ukiweza, gombea ujumbe wa kamati ya mtaa au uenyekiti wa mtaa 2029. Mwenyekiti wa mtaa anaingia kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Ukikaa humo hata mwaka mmoja utaona jinsi mradi unavyozaliwa na unavyokufa.

Makosa ya kawaida hapa: kupanga mikutano asubuhi kati ya Desemba na Aprili kwenye kata za pembezoni, wakati watu wako mashambani. Mvua ya Dodoma ni chache, na mtu hawezi kuacha kupalilia ili akusikilize. Nenda jioni, au Jumapili baada ya ibada.

Hatua ya 4: Jenga jina ndani ya chama

Chama chochote utakachochagua, anzia tawi. Lipa ada, hudhuria, fanya kazi zisizoonekana: kuandika muhtasari, kupanga viti, kuhesabu wanachama. Soma katiba ya chama na kanuni zake za uteuzi, kwa maana kila chama kina utaratibu wake, na unaweza kubadilika kati ya uchaguzi mmoja na mwingine.

Usihame chama kwa hasira ya muda. Ukishakuwa diwani, ukipoteza uanachama wa chama kilichokudhamini umepoteza na kiti.

Hatua ya 5: Kura za maoni

Huu ndio mlima wenyewe. Kwenye kata nyingi za mkoa wetu, kura za maoni ndani ya chama ni ngumu kuliko uchaguzi mkuu.

Orodhesha wapiga kura halali wa hatua hii kwa mujibu wa kanuni za chama chako. Mfikie kila mmoja mwenyewe, nyumbani kwake, na umweleze mambo mawili au matatu yaliyotoka kwenye daftari lako kuhusu mtaa wake. Baada ya hapo ondoka. Usikae mpaka chakula kiive.

Utaombwa fedha. Utaambiwa "wenzako wameshapita". Kataa, na ukatae kwa heshima, bila kumtukana mwombaji: "Mama, sina cha kukupa kwa ajili ya kura, lakini suala la mjukuu wako kupata bima nitakwenda nawe Jumatatu." Kisha Jumatatu uende kweli. TAKUKURU hufuatilia kura za maoni sawa na uchaguzi wenyewe, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inazigusa pia shughuli za uteuzi ndani ya vyama.

Hatua ya 6: Fomu ya uteuzi

Sasa tumefika kwenye lile swali. Fomu za udiwani hutolewa na msimamizi msaidizi wa uchaguzi ngazi ya kata, kwa ratiba ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Mwaka 2025 siku ya uteuzi ilikuwa Agosti 27. Uchaguzi wa madiwani sasa uko chini ya Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, Namba 1 ya 2024. Tafuta nakala uisome, hasa sehemu ya uteuzi.

Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Chukua fomu siku za mwanzo. Toa nakala, ujaze nakala kwanza kwa penseli.
2. Tafuta wadhamini wasiopungua 10 walioandikishwa kupiga kura ndani ya kata yako. Tafuta 15, na uhakiki kadi ya kila mmoja kwa macho yako. Mdhamini aliyejiandikisha kata ya jirani hakufai.
3. Pata udhamini wa chama: sahihi na muhuri wa kiongozi mwenye mamlaka.
4. Toa tamko mbele ya hakimu. Mahakama hujaa siku za mwisho.
5. Weka picha, lipa dhamana na utunze risiti, jaza fomu ya kuheshimu maadili ya uchaguzi.
6. Mpe mtu mwingine makini aisome fomu yote kabla hujairudisha.
7. Rudisha mapema, mwisho ni saa 10:00 jioni ya siku ya uteuzi. Omba uthibitisho wa kupokelewa.

Angalizo: jina kwenye fomu lifanane na la kwenye daftari la wapiga kura. Usiandike jina la utani. Usiache nafasi tupu, na usitumie wino wa rangi mbili. Baada ya uteuzi kuna kipindi kifupi cha pingamizi, mpaka saa 10:00 jioni ya siku inayofuata. Usizime simu wala usisafiri.

Hatua ya 7: Kampeni na mawakala

Mikutano ya kampeni ni saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni, kwa ratiba iliyokubaliwa. Kwa udiwani, mikutano midogo ya mtaa kwa mtaa inafaa kuliko jukwaa moja kubwa lenye muziki. Ahadi zako ziwe zile tu zilizo ndani ya uwezo wa halmashauri au zile unazoweza kuzifuatilia. Sema "nitaibana TARURA mpaka daraja la pale bondeni liingie kwenye mpango", usiseme "nitajenga daraja".

Weka nguvu kwenye mawakala. Kila kituo kiwe na wakala wako aliyeapishwa, aliyekula, mwenye kalamu na anayejua fomu ya matokeo ya udiwani, yaani 21C. Asiondoke kituoni bila nakala yake. Anayeshindwa kusimamia mawakala hana ushahidi wa kupeleka popote.

Hatua ya 8: Ukishaapishwa

Kikao cha kwanza cha baraza utakula kiapo, na mtamchagua Meya na Naibu Meya miongoni mwenu. Kwenye halmashauri za wilaya kama Bahi, Chamwino au Kongwa, ni Mwenyekiti na Makamu wake. Mambo ya kufanya haraka:

- Peleka tamko la mali na madeni kwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma ndani ya siku 30, na baada ya hapo kila mwaka kabla ya Desemba 31 kupita.
- Omba Kanuni za Kudumu za halmashauri kwa Mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa baraza. Zisome mara mbili. Ndizo zinazokuambia swali linapelekwa lini, hoja inaungwa mkono vipi, na nani anaweza kukunyamazisha.
- Itisha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mtendaji wa kata si mfanyakazi wako, ni katibu wa kamati yako. Mheshimu, na umdai taarifa.
- Wahi bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini maandalizi yake yanaanza wakati wewe bado unapokea pongezi. Kipaumbele cha kata yako kisipoingia kwenye mpango miezi hiyo, utasubiri mwaka mzima.

Usikose vikao. Kukosa vitatu mfululizo bila ruhusa kunaweza kukugharimu kiti.

Usomapo kabrasha, anza na jedwali la mapato ya ndani na la miradi. Tafuta jina la kata yako. Linganisha kilichotengwa, kilichotolewa na kilichojengwa. Kisha nenda ukaone kwa macho. Diwani anayesema "fedha zimetoka, bati hazijafika, nilikuwepo pale juzi" haongei sana, lakini wataalamu humjibu.

Hatua ya 9: Kupanda

Kazi ya baraza hufanyika kwenye kamati: ya fedha, ya uchumi na huduma za jamii, ya mipango miji na mazingira. Omba kamati unayoimudu. Aliyetoka kwenye kilimo au afya ana mchango mkubwa kuliko anayekimbilia ya fedha kwa ajili ya ukubwa wa jina. Ukiheshimika hapo, unaweza kuwa mwenyekiti wa kamati, kisha Naibu Meya, ambaye huchaguliwa kila mwaka, na hatimaye Meya. Kuna pia ALAT, jumuiya ya tawala za mitaa nchini, inayowakutanisha viongozi wa halmashauri. Wengine huendelea hadi ubunge, na kwetu nafasi zimeongezeka baada ya Jimbo la Mtumba kuanzishwa 2025 kutoka Dodoma Mjini. Ila kata inajua haraka sana diwani anapoanza kuitumia kama ngazi.

Dada zangu, kiti cha kata ni chenu pia. Viti maalumu, visivyopungua theluthi moja, ni njia nzuri ya kujifunza baraza, lakini msikubali kuambiwa kwamba ndiyo njia pekee.

Mambo yakikwama

*Nimeongoza kura za maoni, chama kimemteua mwingine.* Andika rufaa kwa ngazi ya juu ndani ya muda wa kanuni, ukiambatanisha matokeo yenye sahihi. Usiite waandishi kabla hujapeleka rufaa.

*Nimewekewa pingamizi.* Jibu kwa maandishi siku hiyo hiyo na uwasilishe vielelezo vyako. Usiporidhika na uamuzi, kata rufaa Tume. Hapa ndipo nakala za fomu ulizotoa zinapokuokoa.

*Mtendaji hanipi taarifa za fedha za kata.* Omba kwa barua, nakala kwa Mkurugenzi. Kisha ingiza suala hilo kwenye taarifa ya kata yako ya robo mwaka inayosomwa barazani.

*Wananchi wananidai ada, rambirambi na nauli kila siku.* Jipangie kiasi cha mwezi, kikiisha kimeisha. Kwenye msiba, kufika na kukaa na wafiwa hadi mazishi ni zaidi ya bahasha, na Wagogo wanajua sana kutofautisha mtu aliyekuja na mtu aliyetuma.

*Mwenyekiti wa mtaa ni wa chama kingine.* Mwite kwenye kikao, mpe nafasi ya kusema, pitisha boma la mtaa wake kama linastahili.

*Nimeshindwa.* Nenda kwa wadhamini na mawakala wako, mmoja mmoja, uwashukuru ndani ya wiki hiyo. Pumzika. Mkutano wa mtaa unaofuata ukiitishwa, hudhuria ukiwa na daftari lako, ukae mahali pale pale ulipozoea kukaa.